Cheka x na y, uliwe shamba

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, kuna klipu lazima irudi. Mmeiona. Jamaa ameegemea gari, saa inang'aa, anaangalia kamera na kusema: "Nimemaliza shule miaka saba. Sijawahi kuulizwa x iko wapi. Sijawahi kuchora grafu. Na nimeomoka." Chini yake watu wanamwaga vicheko. Mmoja anaandika mwalimu wa hesabu atuombe msamaha. Mwingine anasema ule muda tuliopoteza tukiweka vidoti kwenye karatasi ya miraba, afadhali tungefundishwa kulipa ushuru.

Nitakuwa mkweli. Hata mimi nilicheka. Hata niliisambaza kwa grupu ya darasa letu. Leo nataka kuwaambia kwa nini nimeacha kucheka, na kwa nini naona hicho kichekesho kina mtu kinayemnufaisha, na huyo mtu si wewe.

Twende nyumbani kwanza. Nyumbani ni Sirisia, kaunti ya Bungoma, ule upande ambao ukiendelea na barabara unafika Lwakhakha, mto ambao ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Kukhu wangu, yaani mamake mama, ana shamba huko. Si kubwa. Kuna kipande chake kimoja kando ya barabara aliamua kukiuza, kwa sababu binamu yangu alikuwa anaenda chuo na karo haikuwa inangoja mtu. Akaja mnunuzi, mzee wa heshima, anaongea polepole, soda mkononi. Bei ilikuwa ya eka. Wakapatana kwa eka ni pesa ngapi. Sasa swali likabaki moja tu: hiki kipande ni eka ngapi?

Mzee akatembea kando ya barabara akihesabu hatua. Akatembea upande mmoja akihesabu hatua. Akarudi, akapangusa jasho, akasema, "Mama, hapa ni robo tatu. Hata mtoto anaona."

Kukhu akaniangalia. "Mayi, wewe si ulisoma? Hebu angalia kama ni robo tatu."

Wasee, nilitoa jasho. Mimi niliye na C ya hesabu. Mimi niliyesambaza ile klipu.

Lakini ndani ya nyumba kulikuwa na tepu ya fundi, na kitabu cha mazoezi cha binamu yangu kilichobaki na kurasa za miraba. Khocha wangu akashika upande mmoja wa tepu, mimi upande mwingine. Tukachagua kona moja, ile yenye mkonge mzee kando ya barabara, tukasema hapa ndipo sifuri. Hapa ndipo mistari miwili inakatana. Mstari wa x ukalala kando ya barabara. Mstari wa y ukasimama kuingia ndani ya shamba. Ili tuwe na hakika kwamba pembe iko sawa, tukafunga kamba ya mita 3, mita 4 na mita 5. Ile ya Pythagoras, ambayo pia nilikuwa naidharau. Ikakubali.

Tukapima. Kando ya barabara, mita 60. Upande wa kulia kutoka barabara kuingia ndani, mita 50. Upande wa kushoto, kutoka kwa ule mkonge kuingia ndani, mita 70. Nikaketi chini ya mwembe nikachora. Sentimita 1 kwa mita 10. Kidoti cha kwanza, (0, 0). Cha pili, (60, 0). Cha tatu, (60, 50). Cha nne, (0, 70). Nikaunganisha na rula.

Hapo ndipo niliona kitu ambacho macho hayakuwa yameona tukiwa tumesimama shambani. Kipande hakikuwa mstatili. Juu kilikuwa kimelala mshazari. Kulikuwa na mstatili wa 60 kwa 50, na juu yake pembetatu, pale kwenye migomba, ambayo mzee hakuwa ameihesabu. Alikuwa ametembea upande mfupi peke yake.

Hesabu yake hata haihitaji kikokotoo. Kila mraba wa sentimita moja kwenye karatasi ni mita 10 kwa 10 shambani, yaani mita za mraba 100. Mstatili una miraba 30. Pembetatu ina upana wa 60 na kimo cha 20, kwa hivyo ni miraba 6. Jumla 36. Mita za mraba 3,600. Eka moja ni kama 4,047. Kwa hivyo kile kipande kilikuwa karibu eka 0.89. Robo tatu ni kama 3,035. Hiyo "robo tatu" ya mzee ilikuwa ule mstatili peke yake, bila pembetatu ya migomba.

Khocha hakuniamini, na alikuwa na haki. Akasema karatasi hubeba chochote. Nikamwambia sawa, karatasi inasema ule upande wa juu wa mshazari, ambao hatujaupima, una urefu wa kama mita 63. Twende tuupime. Tukaenda. Tepu ikasoma 63 na kitu kidogo. Khocha akakaa kimya, halafu akacheka ile kicheko ya mtu ameshindwa lakini amefurahi.

Miraba 6. Mita za mraba 600. Ploti ya 50 kwa 100, ile ambayo watu mjini wanachukulia mkopo miaka mitano, ni kama mita za mraba 465. Yaani kukhu alikuwa karibu kutoa ploti nzima na zaidi bure, juu ya meza, na asante juu. Weka bei unayotaka. Kama eka ni milioni moja, hiyo pembetatu ni kama shilingi 148,000. Hiyo ndiyo bei ya kidoti cha nne.

Sijui kama yule mzee alitaka kutudanganya ama alikosea. Na hapo ndipo hoja yangu inaanzia: haijalishi. Ukikosa kujua kuweka vidoti vinne kwenye karatasi, mwongo na aliyekosea wote wawili wanakutoa pesa ile ile.

Sasa rudi kwa yule jamaa wa gari. Akisema hajawahi kuulizwa x iko wapi, mimi namwamini. Hajaulizwa kwa sababu kuna mtu mwingine alimjibia. Gari lake lilifika kwake kwa ramani. Chakula anachoagiza kinamfikia kwa namba mbili ambazo simu imetuma bila kumuuliza. Ploti anayojigamba nayo iko kwenye ramani ya mtu fulani, kona zake zimeandikwa x ngapi na y ngapi, na yeye alitia sahihi bila kusoma. Si kwamba haitumii grafu. Anaitumia kila siku, ila kalamu iko mkononi mwa mtu mwingine.

Najua kuna wengine mmeanza kuniambia, "Lakini kuna hati miliki. Hati inasema kila kitu." Hapana, haisemi. Soma Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012, kifungu cha 18. Inasema wazi kwamba isipokuwa pale ambapo imeandikwa kwenye rejista kuwa mipaka imewekwa rasmi, ramani inaonyesha mipaka kwa kukadiria tu. Kukadiria! Na pia inasema mahakama haitasikiza kesi ya mpaka kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa kwa njia ya sheria hiyo, na anayeanza kuuamua ni msajili wa ardhi. Mashambani kwetu ramani nyingi zilitokana na picha zilizopigwa kutoka kwa ndege wakati wa kugawa ardhi, ua ukionekana hapa, njia ikionekana pale. Kwa hivyo ukiona ile karatasi yenye mhuri ukadhani imefunga kila kitu, ujue kwa mashamba mengi inasema tu: shamba lako liko hapa hapa, kama hivi.

Ukitaka mpaka uwekwe rasmi, unamleta savea, na kazi ya savea mwishowe ni nini? Anaweka bikoni, halafu anaandika kila bikoni iko wapi. Namba mbili kwa kila kona. Koodineti. Kile kitu ulichokuwa unachora ukisinzia saa nane mchana, ndicho kinachotofautisha shamba lenye mpaka na shamba lenye stori.

Na sisemi ufanye kazi ya savea na tepu ya fundi. Sisi wenyewe, baada ya ile karatasi yangu, bado tuliita savea, na bado mambo ya bodi ya ardhi yalifuatwa, maana shamba la kilimo haliuzwi hivi hivi bila idhini ya bodi. Ninachosema ni kwamba tulimwita tukiwa tunajua la kumuuliza. Kuna tofauti kubwa kati ya kumlipa mtaalamu na kumwabudu.

Sasa niwageukie walimu wetu, kwa heshima zote, maana na nyinyi hamtoki hapa bila kuguswa.

Nilifundishwa vidoti nikiwa kidato cha kwanza. Nakumbuka kila kitu isipokuwa sababu. Chora x ikilala. Chora y ikisimama. Andika skeli pale juu, usipoandika unapoteza alama. Kidoti kiwe msalaba mdogo, si doa. Penseli iwe imechongwa. Nenda kwa x kwanza, halafu y, "unaingia ndani ya nyumba kabla ya kupanda ngazi." Hayo yote ni kweli. Lakini miaka minne, kidoti (3, 4) hakikuwahi kuwa mahali. Hakikuwahi kuwa kisima, wala duka, wala kona ya shamba la mtu. Kilikuwa tu (3, 4), na ukikosea kilikuwa kiboko.

Tulifundishwa kuweka vidoti kama watu wanavyofundishwa kukariri sala ya lugha wasiyoijua. Halafu tunashangaa mtoto akitoka shule anasema hiyo kitu haina kazi. Haikuwahi kupewa kazi!

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kwetu, huku Magharibi, ndiko grafu inakaa vizuri kuliko sehemu nyingi sana za dunia. Si mchezo wa maneno. Ngoja nionyeshe.

Fungua ramani kwa simu. Bonyeza mji wa Bungoma na ushikilie kidogo, utaona namba mbili. Ukizipanga x kwanza, Bungoma iko karibu (34.56, 0.56). Hiyo 34.56 ni digrii za kwenda mashariki, hiyo 0.56 ni digrii za kupanda kaskazini kutoka ikweta. Sasa bonyeza Kitale. Kitale iko karibu (35.01, 1.02). Yaani ni kama mtu alikaa akaweka mji kwenye (35, 1) ili mwalimu apate mfano rahisi!

Kutoka Bungoma hadi Kitale, x inaongezeka 0.45. y inaongezeka 0.46. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Unapata karibu 1. Hiyo ndiyo gradienti. Ile gradienti tuliyoimba kama wimbo, "badiliko la y juu ya badiliko la x," ni hii: ndege ikiruka kutoka Bungoma kwenda Kitale inaelekea kaskazini mashariki barabara, nusu kwa nusu, kila hatua moja kulia hatua moja juu. Na kwa sababu digrii moja ni kama kilomita 111, umbali wa moja kwa moja unatoka kama kilomita 71. Matatu haitakupitisha hapo, barabara inazunguka, lakini sasa unajua inakuzungusha kiasi gani.

Huo ujanja wa kilomita 111 pande zote mbili unafanya kazi kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta. Digrii moja ya kwenda kulia ni karibu sawa na digrii moja ya kwenda juu. Mraba ni mraba kweli. Nenda London, digrii moja ya kwenda mashariki imenyong'onyea hadi kama kilomita 69, mraba wao wa digrii umebanwa kama chapati iliyokunjwa. Yaani mtoto wa London akitaka kuchora mji wake kwa digrii inabidi arekebishe kwanza. Mtoto wa Sirisia anachora tu. Dunia ilitupatia karatasi ya grafu iliyonyooka, na bado tunatumia mifano ya kitabu isiyo na jina la mahali popote.

Namba hasi je? Zile zilizotutesa? Namba hasi iko Maseno. Ukifika pale penye kibao cha ikweta, y ni sifuri. Ukiendelea hadi Kisumu mjini, y imekuwa hasi, karibu hasi 0.1. Nairobi ni hasi 1.3. Mombasa ni hasi 4 na kidogo. Kila mtu wa Bungoma aliyewahi kwenda Nairobi amevuka mstari wa x, amelala kwenye basi, mdomo wazi. Halafu darasani anaambiwa "sehemu ya nne ya grafu" na anaona kama ni nchi ya majini. Na Mlima Elgon, ule tunaouona asubuhi? Kilele chake cha Wagagai, upande wa Uganda, kina x karibu sawa na ya Bungoma mjini. Kwa hivyo ukisimama Bungoma ukaangalia kileleni, unaangalia juu ya mstari wa wima, x ile ile, y inapanda tu. Nani alituambia hivyo? Hakuna. Tulipewa pembetatu ABC tukaambiwa tuizungushe digrii 90.

Kuna wale watasema, "Sawa, lakini simu inafanya hayo yote. Kwa nini nijichoshe?" Hii ndiyo hoja kubwa ya upande wa pili, na sitaikwepa.

Kwanza, simu inafanya unachoiambia. Darasani tunaandika x kwanza. Ramani ya simu inaandika y kwanza: digrii za kaskazini, halafu za mashariki. Mtu asiyejua namba hizi zinamaanisha nini anazikopi kinyume bila kushtuka. Unajua ukigeuza Kitale unafika wapi? Digrii 35 kaskazini, digrii 1 mashariki. Hiyo ni Aljeria, ndani ndani. Sasa fikiria ni dharura, ni usiku, mtu anaumwa, na wewe ndiye unatuma mahali mlipo. Simu haitakukosoa. Itapeleka msaada Aljeria kwa adabu.

Pili, simu ya kawaida, hata mahali pa wazi bila miti, inaweza kukosea kwa kama mita 5. Kwa kupeleka pizza, mita 5 si kitu, utapiga simu utoke nje. Kwa shamba, chukua ile ploti ya 50 kwa 100. Upana wake ni kama mita 15. Mtu akisogeza bikoni mita moja na nusu tu upande mzima, amekula karibu sehemu ya kumi ya ploti yako. Simu yako haitaona. Wewe ndiye unafaa kujua kwamba simu haiwezi kuona. Huo ujuzi wa kujua chombo kinafikia wapi hautoki kwenye chombo.

Tatu, na hii ndiyo ya kuuma: wenye nguvu hawajawahi kuidharau hii kitu. Karne ya 2, mtu anaitwa Ptolemy, akiwa Misri, aliandika orodha ya maelfu ya miji na kila mji akaupa namba mbili. Pwani yetu ya Afrika Mashariki imo humo, na mji wake mkubwa anaouita Rhapta. Descartes, yule Mfaransa ambaye grafu imebeba jina lake, alichapisha kitabu chake mwaka wa 1637, miaka mia kumi na nne na zaidi baadaye. Waliokuja kugawa Afrika walikuja na ramani. Mpaka wa Kenya na Uganda, pamoja na hapo kwetu Lwakhakha, uliandikwa kwa amri ya Waingereza ya mwaka wa 1926. Na mwaka wa 2009, nchi hizi mbili zilipovutana juu ya kisiwa kidogo cha Migingo, hazikubishana kwa methali. Zilituma wapima ardhi wakatafute mstari unapita wapi. Serikali zikigombana zinaenda kutafuta koodineti. Sisi tukigombana tunaenda kutafuta panga.

Mnajua ni familia ngapi kijijini zimeacha kusalimiana kwa sababu ya mpaka? Hamhitaji takwimu, hesabu tu ndugu za babako. Mkonge uling'olewa usiku. Jiwe lilisogea "lenyewe." Wazee waliojua mpaka walikufa mmoja mmoja, na kila aliyebaki anakumbuka vile inamfaa. Kumbukumbu inasogea, mkonge unasogea. Namba iliyoandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili haisogei usiku.

Ndiyo maana ule mjadala wa hesabu kuwa lazima au hiari ulinichosha. Mnakumbuka. Mtaala mpya ulipopangwa, hesabu haikuwa kwenye orodha ya masomo ya lazima ya sekondari ya juu. Watu wakapiga kelele. Aprili 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, akatangaza kwamba kila mwanafunzi atasoma hesabu ya namna fulani: hesabu kamili kwa wale wa sayansi, na hesabu nyepesi ya msingi kwa wale wa njia zingine mbili. Nusu ya mtandao ikashangilia, nusu ikalia. Mimi naona wote walikuwa wanagombania mlango huku nyumba haina paa. Swali si kama mtoto wa darasa la kumi atachora grafu. Swali ni grafu ya nini.

Na hiyo hesabu "nyepesi," naomba tuichunge sana. Maana najua kitakachotokea. Wataikata, watapunguza, wataona vidoti ni vya watoto wa sayansi, wale watakaokuwa mainjinia. Wakati aliye katika hatari zaidi ni yule mwingine. Injinia hataibiwa shamba kwa hatua za miguu. Atakayeibiwa ni msusi, ni dereva wa boda, ni msanii, ni kukhu. Kama kuna hesabu ya lazima kwa kila Mkenya, basi ni hii ya kuweka kona nne za mahali pako kwenye karatasi na kujua ukubwa wake.

Mwalimu akiniambia hana muda, silabasi ni ndefu na wanafunzi ni sabini darasani, namwelewa. Sitaki asafiri. Uwanja wa mpira wa shule upo hapo nje. Una kona nne. Tepu moja, kamba moja, kipindi kimoja. Wanafunzi wachague sifuri yao, wapime, wachore, halafu wabashiri urefu wa ulalo kutoka kona hadi kona kabla ya kuupima. Siku hiyo moja itafanya kazi ambayo karatasi kumi za mitihani iliyopita hazijafanya. Nasema hivyo kwa sababu mimi niliamini hesabu kwa mara ya kwanza maishani siku ile tepu iliposoma 63.

Kwa hivyo wewe uliye mjini, Umoja, Kondele, Langas, popote, unayeenda ushago Desemba tu kula kuku: hii si ya wazee. Shamba ambalo siku moja utaambiwa ni lako, unajua kona zake? Unajua liko wapi zaidi ya "ukifika kwa ile kanisa unakata kushoto"? Nyanya yako akiuliza, "Wewe si ulisoma?" utamwambia nini? Utamwonyesha klipu?

Safari hii ukienda, beba tepu. Mchukue mjomba ama shangazi anayejua mipaka, tembeeni naye akiwa bado hai na miguu ina nguvu. Chagueni kona moja iwe sifuri. Pimeni, choreni, andikeni tarehe, kila mtu atie sahihi, jirani pia akikubali. Haitakuwa hati. Haitashinda kesi peke yake. Lakini mtu akija na soda mkononi akisema ni robo tatu, kutakuwa na karatasi mezani.

Kukhu ameiweka ile yangu kwenye Biblia, ukurasa wa miraba, na alama ya chai juu yake. Binamu yangu yuko chuo. Migomba ililipiwa.

Na ile klipu niliifuta.